Taili Chumba cha Kulala, Huku Kwa Baridi?

Leo naongelea sakafu, na najua kuna mtu atanikasirikia, hasa kama fundi wake bado hajamaliza.

Ukitoka Kapkatet upite Litein, ama uzunguke huko Silibwet na Mogogosiek, karibu kila nyumba mpya ina taili. Nyeupe, zinang'aa, kutoka mlangoni mpaka chini ya kitanda. Bonasi ya chai ikiingia, fundi wa taili anapigiwa simu kabla hata ya mwenye duka la mbolea. Na sisi tunajua bonasi ya upande wetu mara nyingi iko chini ya ile ya Murang'a na Kirinyaga. Hizo si pesa za kuchezea.

Shida ni kwamba Kericho mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Majani chai yanapenda hiyo baridi. Magoti ya gogo hayaipendi hata kidogo. Alfajiri ya mwezi wa saba, jaribu kushuka kitandani bila slipa uone kama hautaruka.

Na si eti taili ina baridi kuliko mbao. Zikilala chumba kimoja zote zina joto sawa. Ni vile taili inavuta joto la mguu haraka, mbao inalivuta polepole. Mguu ndio unaibiwa.

Sasa kuna wenye wameona video za Ulaya, wanauliza kwa nini tusing'oe taili tuweke ile sakafu ya kupashwa joto. Wazo si baya, na si geni. Wakorea walikuwa wanapitisha moshi wa jikoni chini ya sakafu ya mawe kitambo sana kabla ya stima. Lakini hebu tupige hesabu. Nyaya za kupasha sakafu hula kama wati 150 kwa kila mita mraba. Ukipasha mita mraba 10 pekee, hiyo ni kilowati moja na nusu. Washa masaa manne jioni, ni uniti 6. Tuseme uniti ni shilingi 30: shilingi 180 kwa usiku mmoja, 5,400 kwa mwezi. Chumba kimoja! Sawa, kuna kifaa cha kuizima joto likitosha, kwa hivyo punguza kiasi. Lakini nyumba zetu hazina kitu cha kuzuia joto chini ya zege, kwa hivyo sehemu ya hiyo pesa unapashia fuko huko chini. Halafu mvua inyeshe, stima ipotee.

Chenye kinaniudhi zaidi ni kile watu hufanya wakishindwa na baridi: kuingiza jiko la makaa chumbani. Jikoni ya zamani ya nyasi ilikuwa inapumua, moshi unatokea juu. Hii nyumba ya sasa ina dari, vioo na mlango wa kufunga kabisa. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala hashtuki. Kila msimu wa baridi tunasikia kwenye habari kuna watu hawakuamka. Aki, mtu afe juu sakafu ilikuwa safi?

Msimamo wangu: sebuleni, karibu na mlango, acha taili. Matope mekundu na gamubuti tunavijua, na hakuna kitu kinapigwa deki rahisi kama taili. Vyumba vya kulala vifunikwe. Using'oe, utalipa fundi mara mbili. Mkeka wa mbao ni sawa, lakini ule wa milimita mbili ni urembo tu, na mistari ya taili itaonekana juu yake kama sakafu haijasawazishwa. Kinachookoa joto ni unene. Kapeti nzito yenye sponji chini inashinda, hasa kwa mzee na kwa mtoto anayetambaa. Sakafu ikiwa na unyevu, malizana na huo kwanza, la sivyo utafuga ukungu.

Kama bado unajenga, piga simenti laini chumbani uwachie hapo. Pesa ya taili iende kwa dari na kwa ile nafasi chini ya mlango, yenye upepo unapitia usiku kucha.

Najua jibu lenu: watu watasema nyumba haijaisha. Watu gani hao wanaingia chumba cha gogo kukagua sakafu?

Na kabla ya kununua kapeti, pima mlango. Ukikwaruza, fundi wa mbao ataukata kidogo chini, si kazi ya siku nzima.