Uswisi haina bahari

Kuna jambo linanikera siku nyingi na leo naomba mniruhusu nilitoe rohoni. Kila mtu anapotaka kuisifia Lushoto na milima ya Usambara, hamalizi sentensi mbili kabla hajasema: pale ni kama Uswisi. Utaikuta kauli hiyo kwenye vipeperushi vya kampuni za utalii, utaisikia kwa watangazaji wa redio, utaisoma kwenye makala za sisi waandishi. Hata baadhi ya wenyeji siku hizi ndivyo wanavyokukaribisha: karibu Uswisi ya Afrika!

Uswisi ipi, jamani?

Nimewauliza rafiki zangu wanaoupenda msemo huu kama kuna aliyewahi kufika huko. Hakuna. Uswisi wanayoijua ni ya kwenye kalenda na kwenye karatasi za chokoleti. Yaani tunausifia mlima tunaoujua kwa kuufananisha na mlima tusioujua. Huo ni ulinganisho wa aina gani?

Lakini haya, tuukubali mchezo, ila tuucheze sawasawa. Chukua ramani. Uswisi imezungukwa na Ufaransa, Ujerumani, Austria, Liechtenstein na Italia. Haina bahari hata ya kunawia miguu. Sasa rudi mkoani Tanga. Asubuhi unaamka Lushoto umejifunika mablanketi mawili. Unatembea kilometa chache hadi Irente, unasimama ukingoni mwa mwamba, na chini yako kuna Mazinde, mashamba ya mkonge, nyika ya Wamasai inayopotelea machoni, na barabara kuu ambayo mabasi ya Arusha yanaonekana kama sisimizi. Unarudi mjini, unapanda basi, kona baada ya kona, unapita Soni penye maporomoko, na baada ya kilometa kama 33 uko Mombo na sweta umeshalivua. Ukiwahi gari, jioni ya siku hiyohiyo unakula pweza Tanga mjini, na kesho yake uko Pangani, umekaa mtoni unatazama mashua zinavyoingia. Yote hayo kwa nauli za mabasi ya kawaida.

Mswisi akitaka kufanya hivyo lazima avuke mpaka aende nchi za watu. Sasa nani afananishwe na nani?

Najua wapo watakaoniambia: wewe mwandishi unapenda kulalamika, hilo ni jina la biashara tu. Sikubaliani, na Lushoto yenyewe inanisaidia. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliuita mji ule Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa, na jina lao likaondoka nao. Leo ukilitaja Lushoto watadhani ni aina ya sigara. Ajabu ni kwamba jina tulilobandikwa kwa nguvu tulilitupa, halafu hili la pili tumelitafuta wenyewe, tumejibandika wenyewe, na tunapiga makofi. Wazee wetu wana neno zuri kwa ugonjwa huu: kasumba.

Tena jina hilo linafuta mambo. Kabla Mjerumani hajafika, milima ile ilikuwa na dola yake. Wakilindi walitawala kutoka Vuga, na Kimweri ye Nyumbai, yule ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848, mamlaka yake yaliteremka kutoka milimani mpaka mwambao wa Tanga na Pangani. Na historia hiyo haikungojea mzungu aje kuiandika: Abdallah bin Hemedi aliiandika kwa Kiswahili, katika Habari za Wakilindi, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa Kimweri mlima na bahari vilikuwa nchi moja. Sisi wenye digrii ndio tumevitenganisha. Mlima tumeupeleka Ulaya, na pwani tumeiacha ijisemee yenyewe.

Chukua na mfano wa ua. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota kimmea chenye maua ya zambarau katika sehemu hizi akakipeleka kwao. Mwaka uliofuata wataalamu wakakipa jina lake, Saintpaulia. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na watu wamepata utajiri kwa kuliuza kwenye vyungu. Kwa asili linaota kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara, Amani ikiwamo. Na unajua Wajerumani wanaliitaje hadi leo? Wanaliita urujuani wa Usambara. Yaani Mjerumani analiita ua la dirishani kwake kwa jina la milima yetu, na sisi tunaiita milima yetu kwa jina la nchi jirani ya Mjerumani!

Turudi kwenye biashara, maana ndiko utetezi wao uliko. Jina la biashara linaonyesha unamuuzia nani. Hakuna mtu wa Temeke atakayepanda basi saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ameambiwa anakokwenda kunafanana na mahali asipopajua. Msemo ule haumlengi yeye. Na ukishaamua kwamba mteja wako ni mzungu, mengine yote yanafuata: bei kwa dola, kipeperushi kwa Kiingereza, na swali la kwanza unaloulizwa ni ndege yako inatua lini Kilimanjaro. Basi linaondoka saa ngapi, gesti safi ni shilingi ngapi, njia ya kwenda msituni inaanzia wapi, hayo utajua mwenyewe. Kisha waheshimiwa wanasimama kwenye semina wanasikitika kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii.

Si kweli. Mtanzania anasafiri mpaka basi linakosa nafasi. Waulize Wachaga kila Desemba. Waulize walimu wanaowapeleka watoto kwenye mapango ya Amboni, wanafunzi wamebanana kwenye Kosta, wanarudi wana hadithi za wiki nzima. Hamu ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kutuambia habari kwa lugha yetu na kwa mfuko wetu. Aprili 2022 filamu ya Royal Tour ilizinduliwa New York. Sawa, dola tunazihitaji, sina ugomvi na hilo. Lakini iko wapi filamu yetu sisi tunaopandia basi Mbezi?

Na kama kweli tunaipenda Uswisi kiasi hicho, basi tuige kilichoifanya Uswisi iwe Uswisi. Theluji hatuwezi kuiiga. Haya yafuatayo tunaweza. Mwaka 1979 Waswisi walipiga kura wakaziingiza njia za miguu kwenye katiba ya nchi yao. Ndiyo, umesoma vizuri, vijia vya kutembelea kwa miguu vimo ndani ya katiba. Leo wana kilometa zipatazo 65,000 za njia zenye alama, katika nchi ambayo ukubwa wake haufiki mara mbili ya mkoa wa Tanga. Vibao vya njano vinakwambia kutoka hapa hadi kijiji kinachofuata ni mwendo wa saa ngapi. Mabasi ya njano yanapanda mpaka vijiji vya juu kwa ratiba inayoeleweka. Na karibu nusu ya wanaolala kwenye hoteli zao ni Waswisi wenyewe. Kumbe hata Uswisi haikujengwa kwa kumngojea mgeni tu.

Usambara njia zipo. Hazihitaji kuchongwa, maana wenyeji wanazipita kila siku kwenda sokoni, shuleni na mashambani. Unaweza kutoka Lushoto ukatembea siku tatu au nne, ukilala vijijini, mpaka Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya mlima. Siku yenye uwazi unaiona milima ya Upare, na ukiwa na bahati hata Kilimanjaro. Nimetafuta ramani ya Kiswahili ya njia hiyo, ya kununua, nisiipate. Gharama ya kibao cha mbao na kopo la rangi ni kiasi gani? Posho ya semina moja ingetosha kuweka alama kutoka Lushoto hadi Mtae, na chenji ikabaki.

Pwani ndiko hali ilivyo mbaya zaidi. Tongoni, kusini kidogo ya Tanga, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na ni katika maji ya jirani ambapo meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mwaka 1498 na mwaka uliofuata wenyewe wakaichoma moto. Pangani ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya kuwahenyesha pwani nzima. Kusini ya Pangani kuna Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako mbuga inakutana na bahari. Haya yote yako kwenye barabara moja ya pwani. Wangapi kati yetu tunaojiita wasomi tumefika hata sehemu mbili?

Sasa mtu aniulize, kuna hasara gani tusipokwenda? Hasara zipo, na kubwa.

Ya kwanza ni ya watu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Lushoto ina mpango wa utalii wa utamaduni: vijana wa palepale wanaongoza wageni, na sehemu ya malipo inaingia kwenye miradi ya vijiji. Mpango mzuri. Lakini umejengwa juu ya mguu mmoja, na mguu wenyewe unashuka kwenye ndege. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya 1,500,000 kutoka nje. Mwaka 2020, korona ilipoingia, wakabaki kama 620,000. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa. Mgeni asipokuja je? Kama kila mwezi kungekuwa na kundi la vijana wa Dar au Tanga mjini wanaopanda milima ile, muongoza watalii asingerudi kuomba kibarua shambani eti kwa sababu ndege zimesimama Ulaya.

Ya pili ni ya maji. Mkazi wa Tanga mjini anayefungua bomba lake anakunywa Usambara. Maji yake ni ya mto Zigi, unaotoka kwenye misitu ya Usambara Mashariki, huko Amani, ukaishia bwawa la Mabayani. Miaka ya 2003 na 2004 wachimbaji wa dhahabu walivamia misitu hiyo wakapekua mpaka vitanda vya vijito. Mto ukichafuliwa juu, anayekunywa yuko chini. Je, mtu ambaye hajawahi kuuona msitu ule atajuaje kwamba huo ndio tangi lake la maji? Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, lakini karatasi ya tangazo haimzuii mtu mwenye shoka.

Ya tatu, mtazame kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga. Kikatangazwa hifadhi miaka ya 1970. Miti ikaisha, mchanga ukahama, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linazama. Kisiwa kizima kimetoweka kama kisiwa, na kuna watu tuliosoma nao chuo kikuu ambao hawajui kama kiliwahi kuwapo. Kitu usichokijua huwezi kukililia, na usichokililia huwezi kukitetea.

Kwa hiyo ndugu zangu, hasa nyie mnaoweka picha za Dubai kila sikukuu, sisemi msiende Dubai. Pesa ni zenu. Ila wikiendi moja ndefu tu, kusanyikeni wanne, pandeni basi la Lushoto. Mchukue kijana wa palepale awaongoze, msimpunguzie bei kama mnanunua nyanya, lipeni ada ya kijiji na mdai risiti. Nunueni mapeasi Soni. Kisha teremkeni mpaka baharini, msiishie mlimani kama waliodanganywa kwamba safari inaishia Uswisi.

Mkirudi, mkiulizwa mlikuwa wapi, semeni mlikuwa Usambara na Pangani. Anayeuliza kwani huko kukoje, mwambieni akapande basi.