Waacheni Watazame

Siku hizi limezuka shauri, na wenye kulitoa ni watu wa heshima, walimu na wazazi, ya kwamba picha za sinema za kale, zile za rangi nyeusi na nyeupe, zisionyeshwe kwa wanafunzi wa shule zetu. Sababu yao ni kwamba picha hizo zimejaa dharau. Mwafrika ndani yake ni mpagazi au mtumishi. Kama si hivyo ni mtu wa mwituni, mkuki mkononi, macho yamemtoka, akipiga kelele zisizo maana. Na akipewa sifa, hupewa ile ambayo mbwa mwaminifu hupewa na bwana wake. Mtoto wa Boito, wasema, aliyelelewa kati ya mashamba ya chai na kufundishwa kujiheshimu, hapati faida yoyote kwa kuketi saa mbili akitazama babu zake wakifanyiwa mzaha.

Nimelisikiliza shauri hili kwa makini, nami nalipinga.

Silipingi kwa kudai kuwa dharau haimo. Imo tele. Wako watu wa kundi la pili wasemao kwamba picha hizo ni burudani tu, kwamba wakati ule watu wote walifikiri hivyo, na kwamba anayekasirika hajui kucheka. Hao sitawajibu kwa kirefu. Si kweli kwamba watu wote walifikiri hivyo. Mpagazi aliyekuwa amebeba sanduku la mashine ya picha kichwani alikuwa na fikira zake, ila yeye hakuulizwa.

Ubishi wangu ni na kundi la kwanza, kwa sababu wananuia mema, na wema ukipotoka hudhuru kuliko uovu ulio wazi. Tuanze na picha zenyewe, maana wengi wanaozikataza hawajaziona.

Mwaka 1931 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa picha iitwayo Trader Horn. Mwongozaji wake, W. S. Van Dyke, alikuwa amekuja Afrika ya Mashariki pamoja na kikosi chake, wakapiga picha katika nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Hadithi yake ni ya mfanyabiashara Mzungu anayemtafuta msichana wa Kizungu aliyepotea tangu utotoni, ambaye Waafrika wamemfanya mungu wao. Soma tena sentensi hiyo, msomaji. Mtoto mmoja wa kigeni aangukia katikati ya watu weusi, na watu hao, wenye wazee wao, sheria zao na Mungu wao, hawaoni la kufanya ila kumsujudia! Ndani ya picha hiyo yumo Mkenya, Mutia Omoolu, aliyecheza sehemu ya Rencharo, mchukuzi wa bunduki. Rencharo ni hodari, mwerevu na mwaminifu, naye hufa kwa ajili ya bwana wake. Mutia alipelekwa hata Hollywood kumaliza kazi. Mtazame usoni. Wachezaji wenziwe wanatoa macho na kupaza sauti kama ilivyokuwa desturi ya sinema za siku zile, yeye hutulia. Katika picha iliyotungwa kumdunisha, yeye ndiye mwenye adhama. Aliyemkataza kijana wa Kenya picha hiyo amemkataza pia kumwona Mutia Omoolu.

Mabaki ya picha zilizopigwa Afrika kwa ajili ya Trader Horn yalitumika tena mwaka 1932 katika Tarzan the Ape Man, ya mwongozaji yule yule. Mchezaji mkuu alikuwa Johnny Weissmuller, bingwa wa kuogelea wa Michezo ya Olimpiki, ambaye msitu wake ulikuwa California. Kwa kuwa tembo wa Afrika hawakupatikana huko, waliletwa tembo wa Kihindi, ambao masikio yao ni madogo, wakavalishwa masikio ya bandia yaliyo makubwa ili wafanane na wa kwetu. Na lugha nayo ikavalishwa masikio ya bandia. Tarzan huwaamuru wanyama kwa neno linalosikika kama "ungawa", ambalo watazamaji wa Ulaya na Marekani walilidhania kuwa la Kiafrika. Mwanafunzi wa Kiswahili atajua mara moja kwamba kwetu "ungawa" si amri, bali ni mwanzo wa maneno yasiyokwisha: "ungawa mkubwa..." Mkubwa, kisha nini? Tembo hakuambiwa.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa hoja yangu. Uongo wa kale umechakaa, na mishono yake yaonekana. Uongo wa leo una rangi nzuri, muziki mtamu na wachezaji wapendwao, nao hupita machoni bila kugonga. Picha mpya yaweza kuionyesha Afrika nzima kama vumbi, bunduki na mtoto mwenye njaa, na kijana wetu akatoka akiisifu. Jicho linafundishwa kwa kitu gani, basi? Mshonaji hamfundishi mwanagenzi wake kwa vazi lililofichwa uzi. Humpa kwanza lile lililofumuka, aone jinsi vipande vilivyounganishwa. Masikio yale ya tembo yana faida kuliko hotuba kumi za kujihadhari na sinema.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na hili wapinzani wangu hawalikumbuki. Kuwakataza Waafrika picha fulani kwa hofu ya kuharibu akili zao si fikira mpya. Ni fikira ya ukoloni wenyewe. Zamani hizo serikali za Afrika ya Mashariki zilikuwa na wakaguzi wa sinema, na picha moja iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Mara nyingine Mwafrika mzima, mwenye mke, watoto na ng'ombe, aliwekwa katika fungu moja na watoto wadogo. Wakaguzi waliogopa kwamba Mwafrika akimwona Mzungu katika picha akilewa, akiiba au akipigwa, heshima ya watawala ingepungua. Sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa ya huruma: akili ya mwenyeji haijakomaa, haijui kutenga kweli na mchezo. Sasa mwalimu wa leo anayesema, "Vijana wetu hawataweza kuvumilia kuona hayo," amekwenda kwa njia nyingine, akafika katika kiti kile kile cha mkaguzi na kukikalia.

Fikira hiyo haikuishia katika kukataza. Ilitengeneza na picha zake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliongoza jaribio la kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka New York. Zilitengenezwa picha thelathini na tano, za afya, ukulima, kodi na kuweka akiba, nazo zilizungushwa mpaka Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha idara ya sinema kwa makoloni yake, nayo ilidumu hadi mwaka 1955. Kiongozi wake, William Sellers, alifundisha kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ziendazo kwa haraka; basi kila tendo lionyeshwe polepole, bila kurukaruka, jambo moja kwa wakati mmoja. Ikasimuliwa mara kwa mara hadithi ya watazamaji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa mpaka akajaza kitambaa kizima, nao wakasema hawana haja ya kuogopa, kwa sababu mbu wa kwao ni wadogo. Wasimuliaji waliichukua kuwa ushahidi wa ujinga. Haikuwapitia kwamba pengine wanakijiji walikuwa wakimtania mgeni. Mtu aliyekua akisikiliza hadithi za sungura na fisi hahitaji kufundishwa kuwa kitu kidogo huweza kusimuliwa kikubwa.

Basi kijana wa Boito akitazama picha ile ya polepole, akapiga miayo, akauliza mbona haendi, ameishinda hoja ya Sellers kwa mwayo mmoja. Tukimkataza asiitazame, hoja haijapata mshindi. Na picha zile za Vugiri, kwa bahati mbaya, karibu zote zimepotea; chache mno ndizo zilizosalia, nazo zimehifadhiwa London. Wachezaji wake walikuwa wenyeji. Nyuso zao zimekwenda pamoja na mafundisho ya kodi. Nani alinufaika kwa kupotea huko? Si wajukuu wao.

Niseme sasa habari iliyo karibu na Boito zaidi. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani, walisafiri Kenya na Tanganyika kati ya mwaka 1924 na 1927, wakiungwa mkono na Jumba la Makumbusho ya Viumbe la New York, na kwa muda mrefu makao yao yalikuwa Marsabit. Mwaka 1928 walitoa picha iitwayo Simba. Ndani yake wamo mashujaa wa mikuki wanaowazunguka simba na kuwaua, nao wametajwa kwa jina "Lumbwa". Wanafunzi wa Kericho na Bomet, mwalijua jina hilo? Ndilo jina ambalo serikali ya kikoloni iliwaita Wakipsigis, na ambalo Wakipsigis hawakujiita wenyewe. Lilibandikwa hata kwenye kituo cha reli ambacho leo chaitwa Kipkelion.

Picha yawataja Bwana na Bibi Johnson kwa majina, na mpaka mapishi ya Bibi yamepewa nafasi. Wenye mikuki wana jina la kabila tu, tena si lao. Hiyo ndiyo dharau, nami siifichi. Lakini tazama kinachotendeka. Mwenye bunduki asimama mbali. Mwenye mkuki amwendea simba kwa miguu. Mpiga picha alitaka kitisho cha kuuza tikiti, akachukua bila kujua kitu ambacho hakikuwa chake: namna ya kushika ngao, namna ya kusimama bega kwa bega duara linapobana, namna ya kumngoja mnyama. Mzee wa Boito aliyesimuliwa hayo na baba yake atayasoma kama barua. Mwongozaji hakuweza kuyasoma. Je, barua ya babu ifungiwe kabatini kwa sababu bahasha yake imeandikwa jina la matusi?

Nitaambiwa kwamba mtoto ataona haya. Ndiyo, huenda akaona haya, na si jambo dogo. Kijana wa miaka kumi na mitano ana ngozi laini. Lakini haya humshika nani? Humshika aliyekutana na picha peke yake, usiku, katika simu ya mkononi, akawaona watu wa rangi yake wakikimbia na kulia, asiwe na wa kumwambia ni nani aliyewaamuru wakimbie, na kwa ujira gani. Na picha hizo zimo katika simu, tukitaka tusitake. Marufuku ya shule haizuii kutazama. Huzuia kuuliza tu.

Aliyeambiwa mapema hutazama kwa namna nyingine. Mwaka 1935 ilitoka London picha iitwayo Sanders of the River, ya Zoltan Korda, inayomsifu mtawala Mwingereza ambaye machifu wa Afrika humtii kama watoto wamtiivyo baba. Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri Mmarekani mweusi, alikubali kucheza akitumaini kwamba utamaduni wa Afrika ungeheshimiwa. Alipoona jinsi ilivyogeuzwa kuwa sifa za ufalme, aliikana. Na miongoni mwa Waafrika walioajiriwa kucheza sehemu ndogo alikuwamo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Miaka ishirini na minane baadaye, mwaka 1963, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Mwanafunzi ajuaye hayo hataona haya Sanders anapowahutubia "watoto" wake. Atakuwa anainama mbele, akitafuta uso mmoja katika kundi.

Kwa hiyo sitaki picha hizi zirushwe tu ukutani kisha watu wakalale. Zisimamishwe katikati. Aulizwe mwanafunzi: nani ana jina hapa, na nani hana? Nani anasema, na nani anasemewa? Nani hufa kwanza? Simba na mwindaji wameonekana pamoja katika picha moja, au vipande viwili vimeunganishwa kwa mkasi? Na aitwe mzee mmoja, aketi mbele kwa heshima yake, apewe nafasi ya kusimamisha mashine wakati wowote apendapo. Shuka jeupe, chumba chenye giza na Jumamosi moja jioni, gharama yake haizidi ile ya safari ya mpira.

Kama ningeulizwa picha ipi itangulie Boito, ningeanza na Simba, kwa sababu ya wenye mikuki. Tarzan ningeiweka ya pili, na walio nyuma wasogezwe mbele, wapate kuyaona vizuri masikio ya tembo.