Asiye na Kipande Ni Shauri la Chama Pia



Katika mkutano wa tawi uliopita palizuka neno ambalo halikumalizika, kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha na mwenyekiti akafunga. Neno lenyewe ni hili: je, chama kiwasaidie wafanya kazi waliotoka nchi nyingine, au waliozaliwa hapa na wazazi waliotoka nchi nyingine, wapate uraia wa Kenya? Ndugu mmoja alisimama akasema, "Chama ni cha mishahara, si ofisi ya uhamiaji." Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na ninaomba nafasi katika gazeti letu hili nieleze kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe, kipande. Wazee wetu walilichukia. Tangu miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake ndani ya kikopo cha bati, kikining'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Tajiri ndiye aliyeandika humo kazi yake na mshahara wake, na kama hakutia sahihi ya kumwachilia, mtu yule hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Leo vijana wetu huita kitambulisho cha taifa "kipande," wala wengi hawajui jina hilo limetoka wapi. Lakini mambo yamegeuka juu chini. Zamani taabu ilikuwa kuwa nacho. Siku hizi taabu ni kukikosa.

Mtu asiye na karatasi yoyote haandikwi NSSF kwa jina lake. Hafungui akaunti ya benki. Hasajili laini ya simu, basi mshahara wake hupitia simu ya mtu mwingine, na mara nyingi hupungua njiani. Wapo wanaofanya kazi kwa kitambulisho cha ndugu au cha rafiki. Miaka ishirini akiba inaingia kwa jina ambalo si lao, na siku ya kustaafu mwenye jina hujitokeza kudai, au amekwisha kufa na watoto wake ndio wanaodai. Akidhulumiwa hathubutu kwenda kwa ofisa wa kazi, maana neno la kwanza atakaloulizwa ni, "Nambari yako ya kitambulisho?"

Sasa, ndugu yangu uliyepigiwa makofi, nani anayefaidika na mtu wa namna hii? Si wewe wala si mimi. Ni yule tajiri anayemlipa nusu ya mshahara tuliokubaliana katika mkataba wetu, akijua kwamba hatapiga kelele. Tukienda mezani kudai nyongeza, tajiri huyo hututazama akacheka, kwa sababu watu wa kufanya kazi ile ile kwa bei ya chini anao langoni. Mfanya kazi aliye na hofu hushusha mshahara wa jirani yake bila kutaka. Kwa hiyo nasema shauri hili ni la mishahara hasa, na lililetwa mahali pake.

Ninawaomba mkumbuke habari za Wamakonde wa Kwale. Watu hawa walitoka Msumbiji zamani za Waingereza, wakaletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Pwani. Wengine walikuja baadaye, wakikimbia vita vya ukombozi vya kwao, vilivyoanza mwaka 1964. Walikata mkonge, walipalilia, walichonga vinyago ambavyo wageni walinunua na kuvisifu. Walizaa watoto hapa, na watoto wakazaa watoto. Na wote hao, mpaka wajukuu, hawakuwa raia wa Kenya wala wa Msumbiji. Nchi moja iliwaita wageni, na nchi nyingine haikuwajua.

Ilikuwaje? Sheria ya Uhuru ilisema kwamba aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya, amekuwa raia tarehe 12 Desemba 1963 bila kuomba. Wengine waliokuwa na haki ya kuandikishwa walipewa miaka miwili, mpaka Desemba 1965. Miaka miwili! Mfanya biashara wa mjini aliyekuwa na wakili na gazeti la asubuhi aliweza kukaa na jamaa zake akapima, aandikishwe au asiandikishwe. Lakini mkata mkonge aliye ndani ya shamba, asiyejua kusoma, angepimaje? Nani angemwandikia? Hapo ndipo ninapoona aibu kidogo kwa ajili ya vyama vyote vya wakati ule na vya baadaye, maana shambani palikuwa na watu wa kukusanya ada kila mwezi, lakini fomu haikufika.

Basi Wamakonde walikaa zaidi ya miaka hamsini wakingoja. Mnamo Oktoba 2016 watu wapatao 300 waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, kwenda kumwona Rais. Wanawake walikuwamo, na wazee. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaamuru wapewe vitambulisho. Mwanzoni mwa mwaka 2017 wakaanza kuvipata, wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Magazeti yalipiga picha za ile safari, na picha zilikuwa nzuri. Jambo ambalo halikupigwa picha ni kazi iliyotangulia: watu wa vyama vya haki za binadamu waliokaa vijijini wakiwasaidia kuandika nyumba kwa nyumba, nani alizaliwa wapi, nani ni mtoto wa nani, nani anamjua. Bila daftari lile, safari ya Nairobi ingekuwa matembezi tu. Na kazi ile ya daftari, ndugu zangu, ni kazi tunayoijua sana sisi. Ndiyo kazi ya kila siku ya mwakilishi wa chama kiwandani.

Hawakuwa wao peke yao. Siku ya Jamhuri ya mwaka 2020 Serikali ilitangaza uraia kwa Washona 1,670, ambao wazee wao walikuja na dini yao kutoka nchi inayoitwa leo Zimbabwe, na kwa watu 1,300 wenye asili ya Rwanda, ambao wazee wao waliletwa kuchuma chai. Kuchuma chai! Majani yale yaliuzwa London, fedha zikajenga nchi, na mchumaji hakuwa na nchi. Julai 2023 ikafika zamu ya Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi, waliokuwa wakivua kwa kujificha kwa sababu asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvua.

Tena tazameni mwenendo wa sheria yenyewe. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote ambao wameishi Kenya tangu Uhuru, na kwa watoto wao. Ilitoa miaka mitano. Ikaongezwa mitatu. Agosti 2019 muda ukaisha, na Washona na Wapemba walikuwa bado nje, kama nilivyoeleza. Ni kama ile miaka miwili ya 1963: mlango hufunguliwa, anayejua kusoma huingia, na mlango hufungwa kabla habari haijafika shambani. Mimi silaumu sheria peke yake. Sheria isiyo na mtu wa kuipeleka mpaka kambini ni karatasi.

Najua neno litakalosemwa. "Wageni watachukua kazi zetu." Nimelisikia tangu nianze kazi. Basi mkumbuke mwaka 1970, serikali ya Uganda ilipowafukuza maelfu ya wafanya kazi Wakenya. Neno lililosemwa juu yao lilikuwa hilo hilo. Walirudi na mabegi yao, na huku hawakuwa na kazi. Tuliona ni uonevu, na ulikuwa uonevu. Je, neno likitoka kinywani mwetu limekuwa haki?

Na yule aliyewafundisha wafanya kazi wa nchi hii kugoma alikuwa nani? Makhan Singh alizaliwa Punjab, India, mwaka 1913, akaja Kenya akiwa mtoto mwaka 1927. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha shirikisho lililowaunganisha wafanya kazi Waafrika na Wahindi. Mwaka 1950 akakamatwa, akazuiliwa mpaka 1961. Kama wazee wetu wangeuliza kwanza cheti cha kuzaliwa, chama kingemkosa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inasema kila mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Imesema mfanya kazi. Haikusema raia.

Haya, tufanye nini? Sitaki tuanzishe idara wala tununue gari. Nataka meza moja katika ofisi ya tawi, jioni mbili kwa juma, na watu watatu waliofundishwa. Pale Kibra watu wa Nubian Rights Forum wamekuwa wakifanya hivyo miaka mingi: wasaidizi wa sheria, watu wa mtaa wenyewe, hukaa na mwombaji wakapanga karatasi zake, wakamsindikiza ofisini. Twende tukajifunze kwao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa namna hiyo, na inawataja wakimbizi na watu wasio na uraia miongoni mwa wanaoweza kupewa msaada na Serikali. Wangapi kati yetu walijua hivyo?

Kazi ya kwanza ya meza ni kupambanua. Wengi wanaodhani wanaomba uraia tayari ni raia. Aliye na mama Mkenya na baba Mtanzania ni raia kwa kuzaliwa, kifungu cha 14 kinasema hivyo, hata kama alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Huyo anataka kitambulisho tu. Aliyeoa au kuolewa na Mkenya anaweza kuomba ndoa ikitimiza miaka saba. Aliyekaa kwa kibali halali miaka saba mfululizo naye anaweza kuomba, na sheria inataka awe anaelewa Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Kumfundisha mtu Kiswahili hakuna gharama. Tunakisema bure kutwa. Asiye na nchi yoyote, huyo tumpeleke kwa wakili wa msaada, maana shauri lake ni gumu na meza yetu haitoshi.

Kazi ya pili ni kumwokoa na madalali. Siku hizi maombi hupitia kwenye kompyuta, na asiyeijua humwendea mtu wa mlangoni anayesema ana jamaa ndani. Mtu hulipa mshahara wa mwezi kwa fomu ambayo angeijaza kwa nusu saa. Pesa za Serikali zilizotajwa katika sheria tutamwambia alipe, tena apewe risiti. Msaada wetu mwenyewe uwe bure kwa mwanachama, na asiye mwanachama alipe gharama ya nakala.

Neno moja la ukali. Meza hii isimtungie mtu ushahidi. Mwakilishi asiape kwamba anamjua mtu asiyemjua, hata akiwa shemeji yake. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu Katiba inaruhusu unyang'anywe, na siku ule mmoja ukinyang'anywa, barua zetu zote zitatiliwa shaka, pamoja na za wale wenye haki.

Mweka hazina ameniuliza gharama. Taa ipo, meza ipo, kiti kimoja kimevunjika mguu. Nauli ya watu watatu kwenda kujifunza Kibra si kubwa kuliko chai ya mkutano mkuu. Nimempa Katibu pendekezo hili kwa maandishi, na nimemwomba aliweke liwe la kwanza katika ajenda ya mkutano ujao, kabla ya shauri la sare, ili safari hii saa isitukatize.

Mwanachama wa tawi