Kukesha Si Bidii

Wanafunzi wenzangu, kuna sifa moja tunayopeana vyuoni ambayo naipinga kwa nguvu zangu zote: sifa ya kukesha. Siku za mitihani hapa Gitega, macho mekundu yamekuwa nishani. Mmoja anajigamba kwamba hakulala hata dakika, mwenzake anamjibu kwamba huo ni usiku wake wa tatu. Aliyelala vizuri anaona haya kusema, kana kwamba ameiba. Mimi nasema kukesha si bidii. Mara nyingi ni uvivu wa wiki sita unaolipiwa faini kwa usiku mmoja.

Watetezi wa kukesha hupenda kutukumbusha kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali ni nzuri, lakini inasema juani, haisemi usiku wa manane. Mkulima wa kahawa kule kwetu Muyinga hapalilii shamba lote usiku wa kuamkia mavuno.

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walieleza katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya jicho na mkono vibaya sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa hizo 17 zinatimia saa tano usiku. Anayeendelea hadi alfajiri hali yake ni mbaya zaidi. Nani kati yetu angekunywa pombe kabla ya mtihani wa takwimu, kisha ajisifu mbele ya wenzake?

Tena, tunapokesha tunafanya nini? Tunasoma daftari lile lile mara tano, mpaka maneno yanazoeleka, nasi tunadhani tumeelewa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima bila kutazama kifungu ndio waliokumbuka zaidi.

Hili si geni kwetu. Katika madrasa za Muyinga, mtoto anayehifadhi Kurani hafungui msahafu na kuutazama tu. Anasoma kwa moyo mbele ya mwalimu, anasahihishwa, na kesho anarudia sura za jana. Vivyo hivyo wapiga ngoma wa Gishora, kilomita chache tu kutoka hapa Gitega. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na hakuna aliyejifunza kuipiga usiku mmoja kabla ya sherehe. Wazee wetu walijua njia hii. Sisi tulio vyuoni tumeiacha mlangoni.

Nitajibiwa kwamba umeme unakatika, kwamba tumepanga chumba kimoja watu wanne kule Magarama, kwamba wengine wanakula mara moja kwa siku. Hoja hii ni nzito na siidharau. Lakini ndiyo inayonipa nguvu. Asiye na taa ana sababu zaidi ya kuutumia mchana, na asiye na chakula cha kutosha hana mwili wa kuuchezea. Kufunga daftari na kumweleza mwenzako somo mkiwa njiani hakuhitaji umeme wala faranga. Dakika 30 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki sita, ni saa 18. Hakuna usiku wenye saa 18.

Nanyi walimu wetu, hamwezi kukaa kando. Kozi inapobanwa ndani ya wiki moja, asubuhi hadi jioni, na mtihani ukaja siku chache baadaye, mwanafunzi atakesha tu. Swali linapotaka sifa saba kama zilivyoandikwa kwenye daftari, neno kwa neno, aliyekariri jana usiku anapata alama kuliko aliyeelewa. Mnalalamika kwamba tunasahau, lakini mitihani ya namna hiyo ndiyo inayolipa usahaulifu. Tupeni maswali matatu mafupi mwanzoni mwa kila kipindi, hata bila alama. Tuulizeni kwa nini, msituulize orodha peke yake.

Kati yetu wamo wauguzi na walimu wa kesho. Mgonjwa wa Muyinga hatauliza muuguzi wake alipata alama ngapi. Atahitaji akumbuke kipimo cha dawa miaka mitatu baada ya mtihani. Na mzazi aliyeuza mbuzi kulipa ada hakuuza ili mwanawe ajue jambo kwa saa nne tu. Basi chagueni kozi moja wiki hii. Jioni fungeni daftari, andikeni mnachokumbuka, lifungueni tena mjisahihishe, kisha mlale bila haya.