Ufundi wa Kisii na Safari ya Ujerumani

Vijana wa Kisii na Nyamira wajuao kukereza vyuma wanaitamani Ujerumani, iliyotiliana saini na Kenya mapatano ya uhamiaji na kazi mjini Berlin, Septemba 2024. Sisi wa pwani, tuliozoea kusindikiza ndugu kwenda Uarabuni, twajua kuwa mapatano si ajira. Kwa kawaida Ujerumani humtaka fundi aliyesomea kazi yake miaka 2 au zaidi, mwenye cheti kinachotambuliwa na serikali ya kwao. Aliyejifunzia jua kali, hata mkono wake uwe hodari vipi, hapo hukwama. Basi pesa za majani ya chai zitangulie chuo cha ufundi na darasa la Kijerumani, si mfuko wa wakala. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: akirejea, cheti kitamfaa nyumbani.