Bibi akiibiwa, kijiwe kilikuwa wapi?

VIJANA wenzangu mnaoshinda vijiweni, leo sina ugomvi na vigogo peke yao. Leo nawageukia ninyi, na mimi nikiwemo.

Mtaani kwetu Mbagala kuna bibi anauza vitumbua. Asubuhi moja alipigiwa simu: "Bibi, ni mjukuu wako, nimepata ajali ya bodaboda, simu yangu imevunjika, hela tuma kwenye namba hii." Sauti ilikuwa ya kilio. Bibi akatoka mbio hadi kwa wakala, akatuma Sh 80,000, mtaji wote. Mjukuu mwenyewe alikuwa kijiweni, kainamia drafti. Sisi wengine tulimwona bibi akipita mbio, kanga inaburuzika. Hakuna aliyemuuliza, "Bibi, kulikoni?" Swali moja tu lingeokoa elfu themanini. Wiki tatu nzima karai halikupanda jikoni.

Sasa tusidanganyane. Serikali ilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, ikasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, ikajaza maneno matamu. Zanzibar walau walianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea Sh 20,000 kwa mwezi, na kiwango kimepandishwa tangu hapo. Huku Bara, mzee aliyekuwa mkulima au mchuuzi maisha yake yote hana pensheni ya namna hiyo. Shilingi aliyofunga kwenye pindo la kanga ni jasho lake, au katumiwa na mwanawe. Ikiibiwa, imekwisha. Hakuna mwisho wa mwezi wa kumfidia.

Na polisi je? Tutaambiwa askari hawatoshi. Mbona mikutano ya hadhara ya vyama ilipopigwa marufuku, tangu 2016 hadi Januari 2023, askari wa kuizuia walitosha? Magari yalipatikana, mafuta yalipatikana. Nchi hii askari hupelekwa kwa anayeogopwa, si kwa anayeibiwa. Na bibi wa vitumbua haogopwi na mtu.

Lakini wezi wenyewe ni akina nani? Januari 2015 Dar es Salaam ilifunga milango kwa hofu ya Panya Road, na mwaka 2022 jina hilo likarudi. Wale hawakushuka kutoka mwezini. Ni rika letu, wametoka mitaa yetu. Wapo pia wajukuu wanaotumwa na bibi kumtolea elfu hamsini, wakatoa sabini. Mnawajua, na wengine ndio mnaocheza nao drafti.

Basi tufanye kazi ambayo wakubwa hawajaifanya. Kwanza, kubaliana na mzee wako kwamba hatumi hela kwa kilio cha simu mpaka ampigie mhusika kwa namba yake ya siku zote. Wekeni na neno la nyumbani, hata liwe jina la mbuzi wa babu. Anayeomba hela aulizwe neno hilo kwanza. Tapeli hatalijua.

Pili, namba ya siri ni ya mzee mwenyewe. Hakuna mfanyakazi wa kampuni ya simu wala benki mwenye haki ya kuiuliza. Hata wewe mjukuu usiiulize. Ukimsaidia kutoa hela, mpe simu aibonyeze mwenyewe, nawe geuza uso.

Tatu, kaa naye upige *106# kwenye simu yake, muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019, wapo mawakala wajanja wanaomwambia mzee, "Weka tena kidole, hakijashika," kumbe wanasajili laini ya pili ya kutapelia watu. Mkikuta laini asiyoijua, nendeni ofisi ya kampuni husika ifungwe. Ujumbe wa kitapeli upelekeni namba 15040.

Nne, siku ya kuchukua pensheni mzee asitoke peke yake. Hela asihesabie mlangoni mwa benki, asizitie kwenye mfuko wa rambo. Apande bodaboda wa mtaani anayejulikana kwa jina, na akifika mtu awepo nyumbani. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na kijiwe hakitahama.

Na mkimkamata kibaka, mpelekeni kwa mjumbe au kituoni. Tairi na petroli havijawahi kumrudishia bibi hata senti tano, na mara ngapi kachomwa asiyehusika?

Kila siku tunapiga kelele kwamba wakubwa wanakula jasho la walalahoi. Ni kweli, wanakula, na tutaendelea kuwasema mpaka waondoke. Lakini elfu themanini za bibi ziliondoka mbele ya macho yetu, sisi tumekaa tunabishana mpira. Tofauti yetu na wao iko wapi?

Kesho bibi akipita mbio, inuka kwenye benchi. Muulize anakwenda wapi.