Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Tuzo za Muziki Tanzania ni za Nani?

Wahenga walinena: mwamba ngoma huvutia kwake. Kuwamba ngoma ni kuikaza ngozi juu ya mzinga. Naye aiwambaye, hata asipokusudia, huivutia upande aliko. Methali hii na iwe mizani yetu ya kuzipimia Tuzo za Muziki Tanzania. Ninyi wanafunzi wa nchi jirani zinawahusu pia, kwa kuwa wengi wenu mlikisikia Kiswahili katika bongo fleva kabla ya kukisoma kitabuni.

Tuzo hizo zilianza mwaka 1999, na kwa miaka mingi zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro. Mwaka 2014 Diamond Platnumz alinyakua tuzo 7 kwa usiku mmoja. Baada ya sherehe za 2015 zikanyamaza, hadi zilipofufuliwa mwaka 2022 chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Ngoma ikatoka mkononi mwa mfanyabiashara ikaingia mkononi mwa serikali.

Kuzifufua kulikuwa jambo jema. Kosa ni mahali zilipowekwa. Baraza hilo, lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo lisajililo wasanii na ndilo liwaadhibulo. Mwaka 2018 liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond. Walipouimba jukwaani Desemba mwaka huohuo, likawazuia wote wawili kufanya maonyesho. Sibishani hapa iwapo adhabu ile ilistahili. Ninauliza hili: msanii ajuaye kwamba mkono umvikao taji ndio uwezao kumfungia jukwaa, atathubutu kuimba lipi lisiloupendeza mkono huo?

Watakuwapo watakaojibu kuwa Baraza ni la umma, halina msanii wake wala faida linayoitafuta. Na iwe hivyo. Hata mahakamani, mwendesha mashtaka aweza kuwa mwadilifu kupindukia, lakini hapewi kiti cha hakimu. Wema wa mtu haujazi pengo la utaratibu.

Basi Baraza libaki na daftari lake la usajili, na tuzo zikabidhiwe jopo huru la watunzi, wapiga ala na wataalamu wa lugha, ambao majina yao yatangazwe kabla ya kura kupigwa. Kura za mashabiki nazo zihesabiwe hadharani, na idadi itajwe kwa kila kipengele, ya mshindi na ya walioshindwa. Mshindi asiyeonyeshwa hesabu huachiwa sifa yenye shaka, hata akiwa ameshinda kihalali. Huko ni kumdhulumu yeye pamoja na waliompigia kura.

Nanyi wanafunzi, sherehe ijayo itakapofika, msikomee kuuliza nani kashinda. Ulizeni pia: ngoma hii imewambwa na nani, naye ameketi upande gani?